Safari za Mavumbi Zimekoma

Mwezi uliopita mjukuu wangu Sifa alimwaga mawese juu ya kitabu chake cha shule. Alikuwa anasomea jikoni, karibu kabisa na chungu cha sombe, majani ya muhogo, jambo ambalo mama yake amemkataza mara ishirini, na kikombe cha mafuta kikapinduka. Kelele zilizozuka hapo! Mama yake akagomba, mtoto akalia, mimi nikakiokota kile kitabu, nikakifungua katikati na kukitia puani. Wote wawili wakanitazama. Nadhani walifikiri uzee sasa umenipanda kichwani. Nikanusa tena, nikaona machozi yananitoka, na sikujisumbua kuyaficha. Kwangu mimi kitabu kisichonuka mawese ni karatasi tu.

Ninyi mliokulia kwenye milima ya Masisi zamani zile za Wabelgiji mtanielewa upesi. Kwetu Lushebere tulikuwa na maharagi, viazi, baridi, na ukungu unaoingia nyumbani bila kubisha hodi. Mawese hatukuwa nayo. Michikichi haipendi baridi yetu. Mafuta yalipanda kutoka Walikale, kule chini kwenye joto na msitu, mgongoni mwa watu wenye miguu migumu. Na mwaka ule Papa, baba yangu, aliposhuka Walikale kuchimba mawe ya Wazungu, kila kilichotoka kwake kilipanda kwa njia hiyo hiyo, kikinuka mafuta hayo hayo.

Alikwenda na wanaume wengine watano wa mlima wetu. Walisema ni mavuno mawili tu ya maharagi, kisha watarudi. Mavuno mawili yakapita. Wawili wakarudi, mmoja na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Wa tatu tukasikia ameoa huko huko na amejenga. Wa nne udongo ulimfunika shimoni, na mke wake alikuwa rafiki ya Mama. Wa tano hakuna aliyejua habari zake. Wa sita alikuwa Papa. Mama hakulisema jambo hili hata siku moja, lakini kila mtu akipita barabarani akitokea upande wa Walikale, mikono yake ilisimama juu ya ungo mpaka yule mtu apite. Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa, na mdogo wangu Bahati alikuwa mgongoni. Papa hakuwa amemwona bado.

Aliyetuletea vitu vya Papa ni mchukuzi mmoja wa mawese, Papa Bauma, mtu mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Siku moja alisimama mbele ya nyumba yetu, akateremsha mzigo, akatoa chupa ya mafuta iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Ndani ya majani, imebanwa kwenye chupa, kulikuwa na kitabu chembamba, kikubwa kama kiganja.

"Mama Mapendo, yambo. Bwana yako anakutumia hii," alisema. "Anasema mutoto wake wa masomo asome."

"Iko muzima?" Mama aliuliza.

"Iko muzima. Iko na kazi mingi, lakini iko muzima."

Mama akashukuru kwa mikono miwili, akaingia ndani na chupa. Mimi, mtoto wa masomo, nikabaki na kitabu. Kona yake moja ilikuwa imelowa mafuta, imekuwa rangi ya machungwa, na jalada lilikuwa na picha ya mtu mwembamba mwenye fimbo na mfuko. Juu yake iliandikwa: Safari za Mavumbi, Kitabu cha Kwanza.

Nilikuwa nimeanza kusoma mwaka ule kwa monitere wetu, mwalimu wa kijiji, kwenye kanisa la majani ambalo siku za kazi liligeuka shule. Nilichojua kusoma ni yale yaliyoandikwa ubaoni. Sasa nikakaa mlangoni, Mama akichambua maharagi, nikaanza kuyasukuma maneno moja moja kama mtu anayesukuma ng'ombe mbishi. "Mavumbi alifunga mzigo wake, akawaaga wenyeji wake, akashika njia; lakini alikuwa amesahau kitu kimoja."

"Anasahau nini?" Mama aliuliza.

"Sijue bado."

"Basi soma!"

Mavumbi alikuwa muuza sindano. Alizunguka kijiji kwa kijiji, alipenda maharagi kupita kiasi, aliwaogopa mbwa, na alisema uongo mdogo mdogo uliomrudia kabla jua halijazama. Kila kitabu kilianza kwa maneno yale yale, na kila mara kulikuwa na kitu kilichosahauliwa. Katika cha kwanza ilikuwa kofia. Katika cha pili alialikwa harusini akasahau jina la bwana harusi, basi akawa anamwamkia kila mwanamume "bwana harusi", wenyewe wakafurahi, wakamkalisha kwenye kiti cha mbele, na kidogo tu wamwozeshe! Katika cha nne alisahau kifuniko cha chungu chake, mvua ikajaa ndani ya maharagi, akalaani, kumbe ule mchuzi mwingi ndio uliowashibisha watu waliozuiliwa na mto. Mama alicheka mpaka Bahati akaamka mgongoni. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu Papa aondoke, na nikawa najivuna kana kwamba hadithi niliitunga mimi.

Vitabu vilikuja kimoja kimoja. Labda miezi miwili, labda mitatu, kisha sauti ya Papa Bauma barabarani. Tulikisoma kile kipya mara moja, halafu tukarudi cha kwanza, tukafuata mpaka kipya tena, hata Mama akawa anasema maneno kabla sijayafikia. Siku hizi vijana wangu wana hadithi zao ndani ya simu, sehemu ya kwanza mpaka ya mia, na wazazi wao wanauliza watoto wanapata nini humo. Mimi siulizi. Hadithi moja ikiisha, mnaachana na mtu wake njiani, kwaheri. Lakini mtu anayekurudia kitabu baada ya kitabu anakuwa wa nyumbani. Unamjua. Unajua mbwa akibweka atapanda wapi. Unajua atasahau kitu, na utamu wote ni kungoja kujua nini. Na sisi, ambao mtu wetu hakurudi, tulikuwa walau na mmoja aliyerudi kila mara. Ndiyo maana tulimpenda, hakuna siri nyingine.

Ila mimi nilikwenda mbali zaidi. Niliamini kwamba Mavumbi ni Papa.

Msinicheke. Papa hakujua kuandika, hilo nililijua vizuri. Basi kwa akili yangu, alikaa mbele ya Mzungu mwenye mashine, akamweleza mambo yake ya njiani, na mashine ikaandika. Jina alilibadilisha kwa aibu. Ushahidi nilikuwa nao, na ulikuwa mkubwa: Papa aliogopa mbwa. Aliumwa na mmoja akiwa kijana, alama ilibaki mguuni, na mlima mzima ulimtania kwa jambo hilo. Mwanamume anayeweza kubeba gunia la viazi kutoka shambani bila kutua, akiona mbwa anasimama wima kama nguzo.

"Mama, Mavumbi njo Papa," nilimwambia. "Naye anaogopa imbwa."

"Papa yako hauzi sindano."

"Kule Walikale nani anaona?"

Mama akacheka, akanirushia haragi moja kichwani. Lakini baada ya hapo, tulipofika mahali Mavumbi anapolala njaa, alikuwa anasema polepole, "Masikini," na kuangalia chupa ya mafuta. Sijui aliamini kiasi gani. Nadhani aliamini kidogo, kwa sababu ilikuwa tamu kuamini.

Kitabu cha saba kilichelewa sana. Kilipofika, Papa Bauma hakusimama kuzungumza, alikuwa anakimbia mvua. "Iko muzima?" Mama alimwita kwa nyuma. Akajibu kitu, upepo ukakichukua.

Nikafungua. Maneno ya kwanza yakanishtua: "Mavumbi alifunga mzigo wake, akawaaga wenyeji wake, akashika njia, na safari hii hakusahau kitu." Tukatazamana. Nikasoma mbio mbio, nikiruka maneno, mpaka ukurasa wa mwisho. Pale hapakuwa na mtu. Palikuwa na picha ya fimbo na mfuko, vimewekwa chini, na mstari mmoja tu: "Safari za Mavumbi zimekoma."

Sasa sikilizeni. Kwetu kukoma ni kufika. Mgeni akitokea mlangoni tunamwuliza, "Unakoma?" naye anajibu, "Nakoma," na hapo ndipo anapewa kiti. Hivyo ndivyo tulivyosema, hivyo ndivyo tunavyosema. Mimi nikaruka juu nikapiga kelele.

"Mama, Papa anakoma!"

Maharagi yakamwagika. "Nani anasema?"

"Iko mu kitabu! Safari zimekoma. Angalia, fimbo njo hii, mufuko njo hii. Anabiweka chini. Yeye anaingia mu nyumba."

Mama akakichukua kitabu, akaitazama ile picha muda mrefu. Alikigeuza kuelekea mwangaza.

"Nyumba gani?" aliuliza.

"Ya kwetu!"

Akainama kuokota maharagi. Lakini kesho yake alfajiri alikuwa anakandika ukuta kwa udongo mpya. Alifua kikwembe chake, kitenge kile cha kanisani. Akapika chungu kikubwa cha maharagi, akatia mawese bila kupima, akachukua ungo wake na kukaa ukingoni mwa barabara, amependeza, akijifanya anachambua. Mimi nilikaa kando yake na Bahati. Nilimfundisha kusema "Papa". Siku ile hakikuja kitu isipokuwa mbuzi wa watu. Kesho yake akapika tena. Siku ya tatu jirani yetu Mama Furaha, mwanamke wa utani na mwenye mbwa mbaya kuliko wote wa Lushebere, akasimama mbele yetu mikono kiunoni.

"Mama Mapendo, leo siku ya tatu unapika maharagi ya bantu kumi. Mugeni wako iko anatembea na magoti?"

Mama akacheka kwa adabu. Alipogeuka nikaona uso wake, na nikatamani ardhi inimeze, maana habari ile ilikuwa yangu, nani mwingine aliyeisoma?

Basi nikakichukua kitabu cha saba nikaenda kwa monitere, nikitaka anionyeshe mahali palipoandikwa siku. Nilifikiri labda nimeiruka. Monitere alikuwa anafuta ubao kwa jani la mgomba. Alikuwa kijana mwema, alisoma mbali, na alikipenda Kiswahili cha vitabu kupita chakula. Alisoma ukurasa wa mwisho, akatabasamu.

"Hapa haiko siku, Mapendo. Hapa hadithi inaisha."

"Hapana, Monitere. Anakoma."

"Sikia. Kiswahili ya kitabu haiko sawa na yetu. Kwa bale banaandika, kukoma ni kwisha. Mvua imekoma, njo kusema haiko tena."

Nikasimama. Niliuliza swali ambalo sikutaka kujibiwa. "Na muntu akikoma?"

"Muntu naye," alisema, akiendelea kufuta. "Anaisha."

Hakuwa na kosa, yule kijana. Alijibu alichoulizwa. Lakini nilipoitazama tena ile picha, fimbo chini, mfuko chini, na mtu hayupo, nikakifunga kitabu haraka. Nikaona shimo la Walikale. Nikamwona yule rafiki ya Mama, siku walipomletea nguo za mumewe. Nilirudi nyumbani na kitabu ndani ya gauni langu, mvua inaninyeshea, na sikulia kwa sababu niliogopa Mama angeuliza.

Aliuliza jambo lingine. "Monitere anasema nini?"

"Anasema siku haiko mu kitabu," nikajibu. Haukuwa uongo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua kwamba ukweli unaweza kutumika vibaya namna ile.

Mama hakupika tena chungu kikubwa. Mimi nikabaki na lile neno peke yangu. Kwa mtoto ni mzigo, nawaambia. Nikila, lipo. Nikichota maji, lipo. Nikikumbuka nilivyompigia Mama kelele za furaha, najichukia. Halafu likanijia wazo, na mpaka leo sijui kama lilikuwa la kijinga au la akili. Kama Mavumbi amekwisha kwa sababu kitabu kimekwisha, basi dawa yake ni kitabu kingine.

Nikachomoa karatasi katikati ya kaye yangu, daftari la shule, nikazikunja, nikazishona kwa uzi wa mgomba. Nikaandika kwa kreyo, kule shambani, nimekaa kwenye kibanda cha kufukuzia ndege. Siku tano nzima. Jalada nilichora mtu na fimbo. Alitoka na kichwa kikubwa kama boga, lakini fimbo ilikuwa nzuri. Kitabu cha Nane. "Mavumbi alifunga muzigo wake, akaaga bantu, akashika njia; lakini alikuwa amesahau kitu kimoja. Alikuwa amesahau bibi yake na batoto yake mu Lushebere." Kisha nikamwandikia njia yote ya kurudi: mito, mbwa wawili, maharagi mahali pa kutosha, kwa sababu sikutaka alale njaa.

Nilimsomea Mama mchana mmoja baada ya mvua, tumekaa mlangoni kama kawaida. Nikajifanya nasukuma maneno, kumbe nayajua yote.

"Inakuja lini hii?" alikuwa ameuliza.

"Papa Bauma aliipitisha. Ulikuwa mu shamba."

Nilipofika kwenye bibi yake na batoto yake, Mama akanyoosha mkono. Nikampa kitabu. Hakukifungua, hakujua kusoma, angefungua ili iweje? Alikileta puani akanusa. Akanusa upande wa pili.

"Hii haina mawese," alisema.

Hapo nikapasuka. Yote yakatoka kwa pamoja na makamasi. "Mama, kukoma ni kwisha. Monitere anasema. Papa hakukoma, Papa anaisha, na mimi njo nilisoma mubaya!"

Mama akauweka ungo chini. Akaangalia barabara, akaangalia mlima wa ng'ambo. Bahati alikuwa anavuta kikwembe chake naye hakuhisi. Nilidhani atalia, na sikujua nitafanya nini akilia.

"Monitere anazaliwa wapi?" aliuliza mwishowe.

"Sijue. Mbali."

"Bon. Papa yako anazaliwa hapa Lushebere. Siku atakoma, atakoma Kiswahili ya hapa."

Akanirudishia kitabu changu. "Soma. Anasahau bibi yake. Kisha?"

Nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa mbwa wote wawili, akasema yule wa pili hakuwa lazima. Lakini macho yake yalikuwa yamerudi barabarani. Nikaona, nikasoma kwa sauti kubwa zaidi. Mpaka leo, kati ya mambo yote aliyonifanyia mama yangu, hili ndilo ninalolikumbuka kwanza.

Maharagi yalikuwa yametoa maua siku mbwa wa Mama Furaha alipobweka barabarani na hakunyamaza. Sisi tulikuwa nyuma ya nyumba. Mbwa yule kwa kawaida alibweka mara tatu na mpita njia akajiokoa kwa mbio. Safari hii mtu hakukimbia. Mbwa akaendelea, akaendelea, kisha tukasikia sauti ya mwanamume, kavu, ya mtu anayejaribu kutotingisha hata midomo yake.

"Nani muwenye hii imbwa? Mumukamate! Mumukamate, nasema!"

Nilizunguka nyumba. Katikati ya barabara, wima kama nguzo, alisimama mtu mwembamba mwenye fimbo na mfuko. Ndevu zilikuwa zimemwota na nguo hazikuwa nguo tena. Nyuso nyingi ningeweza kuzisahau kwa muda ule wote, lakini kusimama kule kulikuwa kwa mtu mmoja tu duniani. Papa Bauma alikuwa nyuma yake amekaa juu ya mzigo wake, amecheka mpaka hana nguvu ya kusaidia.

Mama Furaha akaja akamburuta mbwa wake. Mama alikuwa amefika kwenye mlango, mikono imejaa udongo wa shamba. Hakukimbia. Papa akaja mpaka mbele yake, akaweka chini fimbo, akaweka chini mfuko.

"Unakoma?" Mama aliuliza.

"Nakoma," alisema Papa.

Na Mama akakaa chini pale pale mlangoni, kwenye udongo aliokandika kwa ajili yake, akalia kwa sauti ambayo Bahati aliiogopa, naye akaanza, nami nikaanza. Papa alibaki amesimama katikati yetu kama mtu aliyekosea nyumba.

Walipotulia nikamkamata mkono. Nilikuwa na maswali yangu. "Papa, sindano iko wapi?"

"Sindano gani?"

"Zile unauzisha. Na ile harusi, walitaka kukuozesha kweli?"

Papa akamtazama Mama. "Huyu mutoto anagonjwa?"

Hapo ikafahamika kwamba hajui lolote. Vitabu alivipata kantini, duka la kule machimboni. Aliona picha ya mtu mwenye fimbo na mfuko, akafikiri, huyu naye yuko njiani, akakituma. Mara ya pili akaona yule yule mtu, akamtuma tena. Hakujua anaitwa Mavumbi. Hakujua kama ni mtu mwema au mwizi.

"Sikuwa na kinywa cha kubaambia mambo," alisema, akiwa amekula sahani ya tatu ya maharagi. "Nikasema, mutoto akiona kitabu, atajua papa iko muzima. Kisha naenda tena ku kantini, wananiambia kitabu inaisha, ya nane haiko. Nikarudi mu kambi nikawaza. Sasa nitabatumia nini? Sina kitu tena. Kontra yangu ya kazi ilikuwa imebakiza siku kidogo. Nikazimaliza, njo nikajileta mwenyewe."

Mama akainuka akaenda kuangalia moto, ambao haukuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo nilimsomea. Kila mchana, mvua ikitushusha shambani, alikaa pale mlangoni miguu ameinyoosha, Bahati, aliyekuwa ameacha kumwogopa, amemkalia tumboni, nami nikamsomea Safari za Mavumbi kutoka cha kwanza. Alikuwa msikilizaji mbaya. Alimkatiza Mavumbi, alimshauri, alimtukana. "Usipite pale! Pale iko imbwa!" Kwenye harusi alicheka akakohoa, Mama akawa anamwambia ngoja, ngoja, bado kifuniko. Tulipomaliza cha saba, nikasoma ule mstari wa mwisho nikamwangalia. Alitikisa kichwa, ameridhika. Kwake haukuwa na maana mbili.

Kisha nikamsomea cha nane. Nilimwambia wazi kwamba ni changu. Alisikiliza bila kukatiza hata neno, hata mbwa walipopita. Nilipomaliza akaniomba nirudi mwanzo, pale mahali pa kusahau, nikarudi.

"Mapendo," alisema. "Umeandika muzuri. Lakini hapa kitabu kinadanganya. Hakubasahau."

Nikachukua kreyo nikalikata lile neno "amesahau" mbele yake. Juu yake pakabaki patupu, sikujua niweke nini. Kitabu ninacho mpaka leo, kiko sandukuni pamoja na vile saba, na baada ya miaka yote hii nacho kinanuka mawese kama wenzake.

Papa aliishi mpaka akawaona wajukuu. Hakushuka Walikale tena. Alipotuacha, fundi wa msalaba alikuja kuniuliza aandike nini, wengine wakashauri "amelala", wengine "apumzike". Nikamwambia aandike jina, na chini yake neno moja.

Baada ya yale mawese ya jikoni nilimpeleka Sifa kaburini, tukang'oa majani. Ni mtoto wa masomo huyu, hawezi kuona herufi akazipita. Alisoma jina, akasoma AMEKOMA, akakunja uso.

"Koko, hii iko mubaya. Mwalimu anasema kukoma ni kwisha."

Nikamuuliza Sifa mwalimu wake amezaliwa wapi.